Rivyu: Google Business Profile kwa sisi wakata nyasi, inaleta wateja au inaleta simu tu?

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Inafanya kazi, ni bure, naipa nyota 4 kati ya 5, ila ukiitegemea peke yake itakuletea watu waliotawanyika kila kona na utajikuta unachoma mafuta mengi barabarani kuliko kwenye mashine. Wenye muda twende pamoja.

Kwa asiyeijua, hii ndo ile kadi inayotokea mtu akitafuta biashara kwenye Google au kwenye Maps, ina jina, namba ya simu, saa za kazi, picha na nyota za wateja. Zamani ilikuwa inaitwa Google My Business, wakabadilisha jina 2021, na siku hizi huhitaji apu ya pembeni, unaingia na akaunti yako unahariri humohumo kwenye Google. Ile tovuti ndogo ya bure waliyokuwa wanakutengenezea walishaizima Machi 2024 na chati yao wakaifunga Julai mwaka huohuo, kwa hiyo ukikutana na video ya zamani inakufundisha hivyo vitu viwili pita tu usipoteze bando.

Kabla ya hii nilikuwa nalipia huduma moja inayouza namba za wateja, jina kapuni. Inavyokwenda ni hivi, mtu anajaza fomu kwamba anataka nyasi zikatwe, wao wanaichukua ile namba wanakuuzia wewe na wenzako kadhaa kwa mpigo, na unalipa uwe umepata kazi au hujapata. Unapiga simu fasta unakuta mwenzako kashapiga, na mwingine kashashusha bei mpaka haina maana, na mteja mwenyewe kachoka kupokea simu za watu asiowajua anakujibu kwa mkato. Halafu wengi wao ni kazi za mara moja, mtu anahama nyumba, nyasi zimefika magotini, anataka uwanja upendeze siku ya kukabidhi funguo basi, hutamuona tena. Hiyo kazi inakula kamba ya trima (kile kimashine cha mkononi cha kukatia kingo), inakula kisu, inakula mgongo, na wiki ijayo unaanza upya kununua namba nyingine. Sisemi hakuna anayefaidika nayo, kwa mtu anayeanza kabisa hana hata mteja mmoja labda inamsogeza, ila mimi siirudii.

Sasa shida ya biashara yetu ambayo wengi hawaipigii hesabu ni barabara. Chukua viwanja vya dakika 30 kila kimoja. Kama kati ya kimoja na kingine unatumia dakika 25 kupakia mashine, kuendesha na kushusha, kwa saa 8 za kazi unamaliza viwanja 9. Kama vyote viko mtaa mmoja unasukuma mashine kwa miguu dakika 5 unahamia kingine, unamaliza 13. Siku ni ileile, mashine ileile, jasho lilelile, tofauti ni viwanja 4 vizima na hapo sijagusa mafuta. Kwa hiyo mimi chanzo chochote cha wateja nakipima kwa maswali mawili tu, huyu mtu yuko karibu na ninaowakatia tayari, na huyu mtu atanihitaji tena baada ya wiki moja mbili? Simu ngapi zimeita sio hoja.

Tukiipima Google kwa maswali hayo inapata alama ya kati. Kama unafanyia kazi nyumbani unaruhusiwa kuficha anwani yako na badala yake kuweka maeneo unayohudumia, mwisho maeneo 20, na wenyewe wanashauri usivuke kama saa 2 za kuendesha kutoka ulipo. Watu wanafurahi wanajaza yote 20. Usifanye hivyo jamani! Kujaza maeneo mengi hakukupandishi juu huko kote, Google wanasema wazi wanapanga matokeo kwa vitu vitatu: kama unachofanya kinaendana na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu wa biashara yako. Na hakuna malipo ya kupandishwa kwenye hayo matokeo ya kawaida, kwa hiyo akikupigia mtu anajiita wakala wa Google anataka hela akuweke namba moja, kata simu endelea na kazi. Weka mitaa michache ambayo ungependa kuimiliki, basi.

Kujisajili sio kugumu, kinachowachosha watu ni uhakiki. Mara nyingi wanataka video, uonyeshe ulipo, vifaa vyako, na kitu kinachothibitisha kwamba kweli wewe ndo mhusika, mfano gari au tela lenye jina la biashara, au unafungua stoo kwa ufunguo wako. Andaa kila kitu kabla hujaanza kurekodi, maana inachukuliwa mfululizo bila kukatakata, alafu subiri, wanaweza kukaa siku kadhaa wakiikagua. Kwenye jina andika jina halisi la biashara, ukianza kubandika "bei poa karibu nawe haraka" unavunja sheria zao na profaili inaweza kusimamishwa. Kwenye aina ya biashara chagua utunzaji wa nyasi kama ndio kazi yako kuu, ukichagua ubunifu wa bustani utapokea simu za watu wanaotaka mabwawa ya samaki na ngazi za mawe.

Picha ziwe za kwako, sio za kudownload. Simama sehemu ileile kabla na baada, onyesha kingo za njia zilivyonyooka na mistari ya mashine, mteja anaangalia kingo kuliko unavyodhani. Namba za nyumba, pleti za magari na watoto wasionekane, na omba ruhusa kwanza.

Sasa tuje kwenye nyota za wateja maana hapa ndo kuna nyama yenyewe.

Ndani ya profaili kuna linki ya kuomba maoni pamoja na ile code ya QR, kile kimraba mtu anakiscan kwa simu. Muda wa kuomba ni pale mteja ametoka nje anaangalia uwanja wake anatabasamu, mtumie linki hapohapo, ukisubiri jioni kashasahau, kesho ndo kabisa. Usimpe punguzo ili akuandikie, Google wanakataza na maoni yanaweza kufutwa, na usimwandikie maneno, watu wanajua kunusa maoni ya kupikwa. Ukipata nyota 1 jibu kwa adabu sentensi mbili, toa suluhisho, acha. Anayesoma ile vita sio yule mteja, ni wateja wengine ambao bado hawajakupigia.

Lakini nyota zinaanzia kwenye kisu, tusidanganyane. Malalamiko ya kawaida kwenye biashara hii ni "mmekata vizuri ila baada ya siku mbili uwanja umekuwa wa njano". Sababu mara nyingi ni mbili. Ya kwanza kisu butu, hakikati, kinachana, ncha za majani zinakauka na kugeuka rangi, kwa hiyo noa kila baada ya kama saa 20 hadi 25 za kazi, na ukipiga jiwe noa siku hiyohiyo. Ya pili ni kukata kupita kiasi, ukiondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkupuo unaidhoofisha nyasi, inabaki mabua, mizizi inapata shida, magugu yanapata jua yanasherehekea. Kuna wale wateja wanaosema kata fupi kabisa ili nisikuite mapema, hao waelezwe kwa upole kabla hujawasha mashine, maana uwanja ukiungua hakumbuki kwamba ni yeye alisema, atakumbuka namba yako tu.

Na hiyo theluthi ndo inayokupa mteja wa kudumu bila kumbembeleza. Mwambie hivi, uwanja wako tunautunza kwenye sentimita 6, kwa hiyo ukifika 9 inabidi ukatwe, kipindi nyasi inakua kwa kasi hiyo inaweza kuwa kila wiki, ikipoa inakuwa kila wiki mbili au zaidi. Hapo anaona ratiba inatoka kwenye nyasi yenyewe na sio ujanja wako wa kumla hela. Mimi wateja wengi wa ratiba nimewapata kwa maelezo hayo kuliko kwa tangazo lolote. Kazi ya kwanza ya nyasi ndefu itoze tofauti na umwambie mapema bei ya ratiba itakuwa chini, maana uwanja unaotunzwa unakatika haraka, na majani yakiwa mafupi unaweza kuyaacha palepale yaoze yarudishe naitrojeni ardhini, hamna cha kuzoa wala kubeba.

Tatizo linakuja nyota zikishakuwa nyingi, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, watu wanaanza kuruka kingo, wanaacha vipande vya majani kwenye njia bila kupiga blowa (mashine ya kupuliza takataka). Msomaji mjanja hasomi wastani wa nyota, anapanga maoni mapya yaje juu na kuona mwezi huu watu wamesema nini.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani watu wanakikosea kuhusu hii huduma. Wanaichukulia kama ndoano ya kuvulia wageni. Mimi naona nguvu yake iko kwingine, inamthibitishia yule jirani ambaye kashakuona tayari. Ukimaliza uwanja mmoja, kabla hujapakia mashine, peleka vipeperushi nyumba mbili za kushoto, mbili za kulia na zile za ng'ambo ya barabara, kipeperushi kidogo tu, "leo tumekata kwa jirani yako, tunapita mtaa huu kila wiki", namba ya simu na code ya QR ya profaili. Jirani kashasikia mashine, kashaona uwanja wa mwenzake ulivyotoka, kinachomzuia ni wasiwasi kwamba wewe ni nani. Anascan, anakuta picha, anakuta nyota, anakuta jirani mwingine kaandika, wasiwasi umeisha. Kipeperushi peke yake kingetupwa, na profaili peke yake asingeifungua maana hata hakuwa anatafuta. Vikienda pamoja unapata mteja ambaye yuko hatua thelathini kutoka kwa mteja mwingine, na huyo hata ukimpunguzia bei kidogo bado unapata faida kuliko wa mbali.

Ukishakuwa na wateja kadhaa mtaa mmoja upangie siku yake, Jumatatu mtaa huu, Jumanne ule, na anayetaka siku ambayo sio ya mtaa wake alipie usumbufu. Wa mbali wapandishie bei taratibu, watakaokubali sawa, watakaoondoka wameachia nafasi. Ukifika hatua ya kuajiri kijana kumbuka nyota ni za jina lako lakini sasa zinategemea mikono yake, mfundishe kuokota mawe kabla ya kuwasha trima, kioo cha dirisha kimoja kinaweza kufuta faida ya wiki na kukupa maoni ambayo yatakaa juu muda mrefu.

Kasoro zake sasa. Profaili mpya isiyo na maoni inakuwa kimya, usitegemee simu wiki ya kwanza, anza na wateja ulionao tayari waandike. Maoni ya uongo yapo, unaweza kuyaripoti ila sio yote yanayotolewa. Haikupangii ratiba, haikukumbushi nani hajalipa, hayo bado ni ya daftari lako au programu nyingine. Takwimu wanakupa, mara ngapi umeonekana, simu ngapi zimepigwa, maneno gani watu walitafuta, na hayo maneno mimi nayapenda kuliko namba zenyewe, ukiona wengi wanatafuta kupunguza uzio wa miti na hufanyi hiyo kazi, basi unajua cha kuongeza kwenye orodha ya huduma. Hasa kipindi cha baridi au ukame ambapo nyasi inalala na simu zinapungua, hapo ndo uzio, kuzoa majani makavu na kusafisha mifereji ya paa vinakuweka mjini.

Nani haihitaji? Kama ratiba yako imejaa kwa wateja kuambiana midomo na hutaki kukua, iweke tu ili mtu asije kujisajili na jina lako, basi.

Ile nyota moja nimeinyima kwa sababu simu zote zinaita sawa, wa mtaa wa pili na wa upande wa pili wa mji, wa kila wiki na wa mara moja, na wote swali lao la kwanza ni "bei gani?" Usijibu bei kwanza. Muulize yuko mtaa gani, nyasi zilikatwa lini mara ya mwisho, na atume picha mbili, moja ya uwanja mzima na moja ya pembe mbaya kuliko zote. Anayetuma picha ndani ya dakika kumi mara nyingi ndo anakuwa mteja.