Minivani ya familia baada ya miaka mingi: injini safi, shida milango

Kila anayeniuliza kuhusu gari letu huanzia kwenye injini. Injini haijawahi kunisumbua: oili kwa wakati, filta, basi. Kinachotupeleka kwa fundi ni ile milango ya kuteleza, ambayo ndiyo iliyotuvutia tukalinunua.

Mlango mmoja hutembea kwenye reli tatu: ya juu, ya chini, na ya katikati ambayo iko nje kwenye bodi. Hiyo ya nje ndiyo korofi. Vumbi na mchanga vyote huishia humo, vigurudumu vinalika, mlango unaanza kukwaruza, na mota inayouvuta kwa waya inalemewa. Utajua tu: mlango unafika nusu, unasita, halafu unarudi wenyewe kama vile umegusa mtu. Siku hizi nafuta reli kwa kitambaa kikavu kisha napuliza silikoni kidogo. Grisi nzito sitaki hata kuiona pale, inashika mchanga wote na kuusaga humo humo. Na mlango ukigoma kabisa mkiwa kituo cha mafuta, usiite fundi kwanza. Magari mengi ya aina hii huuzuia mlango wa upande wa tangi mpaka kifuniko kifungwe.

Milango hiyo ikiwa mizima, lakini, sijaona mbadala. Umebanwa na magari kushoto na kulia, bado unamtoa mtoto aliyelala bila kugonga la jirani. Sakafu iko chini, mama mkwe anapanda mwenyewe.

Safu ya tatu imepambwa mno na wauzaji. Viti vyake vikiwa vimesimama, buti inabaki na nafasi ya mabegi machache tu, kwa hiyo chagueni: watu au mizigo. Watu wazima wakikaa huko safari ndefu, magoti yanawafika kifuani. Wenye viti vya watoto waangalie pia ndoano za ISOFIX, zile za kushikizia kiti cha mtoto kwenye gari, ziko wapi, maana kwenye magari mengi zipo safu ya kati peke yake.

Uzito nao una gharama zake. Pedi za breki za mbele zinaisha upesi, na upepo wa tairi gari likiwa limejaa si ule wa ukiwa peke yako. Vipimo vyote viwili viko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Oili ya giaboksi naibadilisha, hata kama kitabu kinadai ni ya maisha. Maisha ya nani?

Ningenunua tena? Ndiyo, ila kama ni lililotumika ningefungua na kufunga kila mlango kwa kitufe na kwa mkono, gari likiwa kwenye mteremko, niwashe kiyoyozi cha nyuma, kisha nikae mwenyewe safu ya tatu muuzaji akiliendesha.