Nimeenda Efteling, ile bustani ya michezo na mitambo ya kupanda huko Uholanzi, na mimi sipandi rola kosta hata kwa dawa

Niwaambie ukweli mapema, mimi sipandi. Rola kosta, bembea za angani, ile meli ya kuyumba, chochote cha kunifanya nishikilie chuma huku nasoma Ayatul Kursi, sipandi. Uoga huu niliupata Mombasa nikiwa darasa la sita, tulipelekwa kwenye maonyesho fulani, lile gurudumu kubwa la kuzunguka limetufikisha juu kabisa stima zikapotea, tukakaa huko huko juu mpaka mtu akatumwa dizeli ya jenereta. Tangu siku hiyo watu wakienda sehemu hizi kazi yangu ni kushika mikoba.

Sasa dadangu ameolewa Uholanzi, anakaa Tilburg, nilipoenda kumtembelea wanawe wawili wakang'ang'ania Efteling Efteling, na ni karibu na kwao, iko Kaatsheuvel, kuna basi la kukushusha pale pale. Tiketi ni moja, upande usipande bei ni ile ile, na inabadilika kulingana na siku kwa hivyo tizama mtandaoni kwanza. Nikaona hizi ni euro za kutupa, mtu mzima nitakaa benchi kutwa nzima nikilinda makoti.

Kumbe wapi. Efteling ilianza 1952 na msitu wa hadithi tu, wanauita Sprookjesbos, uliochorwa na msanii wao Anton Pieck, hiyo mitambo ya kupigisha watu makelele ilikuja baadaye sana. Na ule msitu bado upo na unatembea kwa miguu yako mwenyewe! Kila hadithi ina kijumba chake chini ya miti. Kuna jamaa anaitwa Langnek, amekaa chini ametulia, mara shingo inaanza kupanda, inapanda, inapanda, wewe chini unabaki mdomo wazi. Kuna viatu vyekundu vinacheza ngoma peke yake, mguu hamna. Kuna uyoga unatoa muziki, niliinama nikatega sikio kama mwendawazimu. Halafu kuna punda. Mimi nimezaliwa Lamu, punda nimewaona wa kila tabia, wabishi, wavivu, wa kubeba matofali, lakini punda wa kunya pesa wallahi huyu ndio wa kwanza. Unatia hela yako, kule nyuma inadondoka sarafu ya ukumbusho. Nikatia mara mbili.

Na yule mla karatasi jamani! Holle Bolle Gijs, sanamu nene limeachama mdomo, linaita "Papier hier!", yaani karatasi hapa. Ukisogeza karatasi upepo unaivuta kutoka vidoleni, fyuu, imeshaenda, halafu linakushukuru. Yule mtoto mdogo alinimalizia tishu zote za mkobani, zilipoisha akaanza kuokota takataka za watu asiowajua ili akalishe. Nikipewa moja nikaliweke pale sokoni Marikiti taka zitakwisha wiki hiyo hiyo.

Vya kupanda navyo nilipanda, msinicheke. Droomvlucht, ya mwaka 1993, mnakaa kwenye vigari vinavyoning'inia mnapitishwa gizani polepole kati ya vijini vyenye mabawa, makasri na misitu, pazuri mpaka nikasahau kuogopa, ila mwisho kigari kinashuka kwa kuzunguka na kinaongeza mwendo kidogo, hapo nikafumba jicho moja. Symbolica ya 2017 ni laini kabisa, vigari havina reli vinateleza vyenyewe ndani ya kasri, hiyo hata mamangu angepanda. Fata Morgana ni mashua, mnapita mji wa kama zile hadithi za Alfu Lela Ulela, soko, sultani, gereza, kila kitu kipo, nilichokosa ni harufu ya udi tu.

Lakini Villa Volta nina kesi nayo, au niseme nina kesi na yule mtoto mkubwa. "Mama mdogo, ni nyumba tu, tunakaa kwenye mabenchi." Kweli ni nyumba, kweli ni mabenchi, mnasimuliwa kisa cha jambazi aliyelaaniwa, nikaona sawa. Kikashuka chuma cha mapajani. Nikamuuliza, nyumba tu hii chuma cha nini? Kimya. Benchi likayumba, ukuta ukapanda, dari likaja miguuni, nikajua tumepinduka kichwa chini na buibui langu litanifunika uso, nikaling'ang'ania pindo kwa mikono miwili. Baadaye shemeji ananielezea benchi linacheza kidogo tu, kinachozunguka ni chumba chenyewe, macho ndiyo yanakudanganya. Kwa hivyo ukinaswa humo fumba macho, utahisi umekaa kwenye bembea ya mtoto. Ningeambiwa mapema!

Pagode ndiyo iliyonishangaza, kile kijumba kinanyanyuliwa mpaka mita 45 hivi, nilikataa nikashawishiwa nikapanda, na sikuhisi kitu, kwa sababu kinapanda taratibu kama ndoo ya kisimani. Yaani miaka yote nadhani naogopa juu, kumbe naogopa kudondoka.

Shemeji akanionyesha pia mahali palipokuwa na masufuria ya kuzungusha watu tangu 1988, katikati sanamu la mpishi Mwafrika mla watu. Wameliondoa, tangu 2022 pana mambo ya Sindbad. Miaka yote hiyo watu wakizungushwa na picha zikipigwa! Nilisonya nikapita.

Wenzangu walipoenda Baron 1898, ile rola kosta inayokudondosha mita 37 na nusu moja kwa moja shimoni, mimi nilikaa na vibanzi na mayonezi nikisikiliza watu wakimwita Mungu kwa Kiholanzi. Nusu saa tamu kuliko zote. Jioni kuna Aquanura, maji yanarushwa kwa muziki na moto ziwani, fika mapema upate mahali mbele, mimi nilitazama visogo vya watu.

Ile sarafu moja nimempelekea mamangu Lamu. Aliigeuza, akaipenda, akauliza imetoka wapi. Nilipomwambia akaenda kuiosha kwa sabuni.