Kuhamisha filamu za zamani kwenye kompyuta: studio moja ya Kisumu

Mjomba wangu aliendesha malori ya masafa marefu kuanzia mwaka 1971 hadi 2006, na katika kila safari alibeba kamera ya filamu, akaiviringisha ndani ya leso na kuiweka chini ya kiti. Alipofariki alituachia sanduku la bati lenye filamu 58, kila moja katika bahasha yake, na juu ya bahasha ameandika kwa wino mahali, mwezi na mwaka: Malaba, Bujumbura, Kigoma, Lusaka, Kazungula. Mwezi uliopita nililipeleka sanduku hilo kwenye studio moja ya ghorofani, katikati ya jiji la Kisumu, ambayo huhamisha picha za filamu kwenye kompyuta.

Nilianza kuiamini studio hii kabla hata mashine haijawashwa. Fundi aliipiga picha bahasha yenyewe kwanza, mbele na nyuma, ndipo akaitoa filamu. Kisha kila faili akaipa jina linalotokana na maandishi yale. Miaka mitatu iliyopita, katika mji mwingine, nilipeleka filamu sita kwingineko, zikatolewa katika bahasha zao na kurudishwa zimechanganyika, na hadi leo tunazo picha za soko la kando ya mto ambazo hakuna anayeweza kusema kama ni za Burundi au za Kongo. Mjomba hakupiga picha za kupamba ukuta. Alikuwa akiweka kumbukumbu ya bara alilolipita kwa magurudumu, na ukiiondolea picha ya namna hiyo mahali na tarehe, umeiondolea nusu ya maana yake.

Kazi yenyewe ni nzuri. Kipande cha filamu chenye milimita 24 kwa 36 husomwa kwa nukta 4,000 kwa kila inchi, na hapo unapata faili ya pikseli zipatazo milioni 21, zinazotosha kuchapisha picha safi ya ukubwa wa A3. Katika picha moja ya bandari ya Mwanza niliikuza meli iliyokuwa imetia nanga hadi nikasoma jina MV Bukoba, meli ileile iliyozama Mei 1996 na mamia ya abiria. Ilinibidi niketi kitambo kabla ya kuendelea. Katika nyingine, malori yamepanga foleni Kazungula yakisubiri pantoni ya kuvukia Zambezi, mahali ambapo tangu mwaka 2021 pana daraja. Skana yao hutumia miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, kutambua vumbi na mikwaruzo kwenye filamu za rangi, lakini katika filamu za rangi nyeusi na nyeupe chembe za madini ya fedha zinazounda picha huizuia miale hiyo, kwa hiyo zile za miaka ya sabini fundi alizisafisha kwa mkono, doa baada ya doa.

Kasoro kubwa ni rangi. Faili za kwanza nilizopewa zilikuwa zimerekebishwa na programu bila mimi kuulizwa: udongo mwekundu wa barabarani umekuwa kama saruji, na nyuso za makuli waliokuwa wakipakua magunia zimeng'arishwa hadi weusi wao umepotea. Kuondoa wekundu unaoletwa na uchakavu wa filamu ni halali. Kubadilisha ngozi ya mtu ni kumsingizia. Nililalamika, na fundi akazirudia zote bila malipo ya ziada, lakini ukienda, sema mapema kwamba hutaki nyuso ziguswe, na uombe faili za TIFF, ambazo huhifadhi picha bila kuipunguzia ubora, kwa kuwa usipoomba utapewa JPEG pekee, ambazo hubanwa ili ziwe ndogo.

Walinitoza shilingi 50 kwa picha. Nilichagua picha 540 juu ya meza yao yenye taa, nikalipa 27,000, na siku tisa nilizoahidiwa zikawa kumi na sita. Si bei ndogo, ila sioni kama nilipunjwa. Filamu nne zilikuwa zikinuka siki, dalili kwamba asetati, yaani plastiki ya filamu yenyewe, imeanza kuoza kwa joto na unyevu, na fundi alinishauri nizitenge upesi kwa sababu mvuke wake huharibu za jirani. Hali ya hewa ya kando ya ziwa haiwahurumii wanaochelewa.

Bahasha tatu hazikuwa na maandishi yoyote. Picha zake nimezichapisha na kumpelekea mkazamjomba huko Siaya, naye tayari ameitambua moja: ni Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, anasema, kwa kuwa mjomba alimsimulia maporomoko yale aliporudi nyumbani. Nimeandika hivyo nyuma ya picha kwa penseli, pamoja na jina la aliyeniambia.