Uzoefu wangu wa kuzalisha kodi (code) ya C na VHDL moja kwa moja kutoka Simulink

Nimetumia Simulink, programu ya kuchora mfumo kwa bloku, na Embedded Coder inayogeuza mchoro kuwa kodi ya C, kama miezi minane kwenye kifaa cha kusoma mapigo ya moyo, alafu nikahamia HDL Coder, inayotoa VHDL (lugha ya kuelezea saketi), nijaribu FPGA, yaani chipu ambayo saketi za ndani unazipanga mwenyewe, na mi naikubali kabisa.

Kazi ilikuwa kuondoa ule muungurumo wa umeme wa ukutani, 50 Hz, unaoingia kwenye nyaya za kifuani mpaka mstari wa moyo hausomeki. Napima mara 500 kwa sekunde, bodi ni ya chipu ya STM32F407. Nikachora filta kwa bloku, nikajenga, kodi ya C ikatoka safi, na kwenye ripoti yake ukibonyeza mstari wa kodi inakurudisha kwenye bloku iliyouzaa, hapo ndo niliipenda, maana kodi niliyoandika kwa mkono nikiirudia baada ya wiki tatu naanza kuisoma upya.

Ila mara ya kwanza ilikuwa nzito mno. Kumbe Simulink usipoiambia kitu inatumia double (namba za desimali za biti 64), na Cortex-M4, kichakataji cha chipu ile, hesabu za desimali inazozifanya yenyewe ni za single (biti 32) tu, double inapitia programu, polepole. Nikaweka single modeli nzima, ikawa nyepesi. Kitoa kodi kinaandika ulichochora, hakikusahihishii.

FPGA sasa ndo ina mambo. Huko nilitumia namba za biti 16, nikatenga 15 kwa sehemu ya desimali, maana yake namba zote lazima zikae kati ya -1 na 1, wakati filta ya 50 Hz kwa sampuli 500 kwa sekunde ina namba ya kuzidishia 1.618! Haiingii. Siku mbili naangalia wimbi limevurugika nakagua nyaya, nakagua bodi, mpaka nilipoandika fixdt(1,16,14), yaani biti 16 na 14 tu za desimali, namba zikapata nafasi kati ya -2 na 2, likatulia. Kingine, bodi yangu ina saa ya 100 MHz, kwa hiyo kati ya sampuli moja na nyingine kuna mizunguko ya saa 200,000, hakuna haja ya vizidishi (saketi za kuzidisha) vitano, nikaiambia itumie kimoja kwa zamu na chipu ikabaki na nafasi kubwa.

Ukijaribu, usiruke PIL (processor-in-the-loop), ile ya kuendesha kodi kwenye bodi yenyewe huku ukilinganisha majibu na modeli, hiyo ndo ilinipa amani. Leseni zinalipiwa kila moja peke yake, mwanafunzi aulize kwanza chuoni kwake kabla hajatoa hela.