Austen na mazombi, au Austen na madude ya baharini?

Mwaka 2009 riwaya mbili za Jane Austen, mwandishi Mwingereza wa zamani, zilichanganywa na vitisho. Kama una nafasi ya kusoma moja tu, chukua Pride and Prejudice and Zombies ya Seth Grahame-Smith. Ameacha sehemu kubwa ya maneno ya Austen katika Pride and Prejudice ya 1813 kama yalivyo. Mazombi wanavamia dansi, mabinti watano wa Bennet wanachomoa majambia na kuwafyeka, kisha habari za posa zinaendelea. Utamu uko hapo hasa: Elizabeth, mmoja wa mabinti hao, alikuwa mkali tangu zamani, jambia limeudhihirisha tu ukali wake.

Sense and Sensibility and Sea Monsters ya Ben H. Winters imeongeza mengi mapya. Kanali Brandon ana minyiri kama ya pweza usoni, nami nilimhurumia kweli, ila sauti ya Austen inazama.