Huduma ya hati za kimila kijijini kwetu, Masasi

Huduma ya kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, inayotokana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inastahili sifa kwa kupima shamba mbele ya majirani, maana mipaka ya mikorosho huzua ugomvi usiokwisha. Kasoro kubwa ni kwamba karani huandika jina la mume peke yake, ingawa sheria inaruhusu wanandoa kumiliki pamoja. Jambo la kushangaza huku Kusini, ambako Wamakonde na Wayao kwa mila huhesabu ukoo kwa mama, kama Waminangkabau wa Sumatra, Indonesia, ambao vijijini mwao nyumba na mashamba ya mpunga ya ukoo hurithiwa na mabinti. Hati yenyewe ilichelewa, lakini mipaka imeandikwa sawasawa.