Sayari kwintilioni 18, lakini utarudi ipi?

Karibuni tena wadau. Kabla sijaenda mbali, tazameni hilo dirisha dogo hapo kona ya kulia. Hicho ni chombo changu ndani ya gemu ya anga iitwayo Elite Dangerous. Nimekiwasha dakika tano kabla ya kuanza kurekodi, kinaelekea kituo kinachoitwa Hutton Orbital, na safari yenyewe ni karibu saa moja na nusu. Saa moja na nusu ya kweli, ya saa ya ukutani. Njiani hakuna adui, hakuna hadithi, hakuna cha kuokota. Ni giza, nyota, na namba ya umbali inayopungua polepole. Tukiache kiende, sisi tupige soga.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: gemu gani ya anga ndiyo kubwa kuliko zote? Mtu anauliza hivyo kama anayenunua shamba, anataka ekari. Na watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana trela zao zinaanza na namba.

Basi tuanze na namba. No Man's Sky ilitoka Agosti 2016, kazi ya Hello Games, kampuni ndogo ya Uingereza. Namba yao ni hii, ngoja niisome taratibu: sayari 18,446,744,073,709,551,616, yaani kwintilioni 18 na ushei. Nimepiga hesabu. Ukiipa kila sayari sekunde moja tu, yaani unatua, unapepesa jicho, unaondoka, utamaliza baada ya miaka bilioni 585. Leteni chai.

Namba hiyo imetoka wapi? Hakuna aliyekaa akachora sayari zote hizo. Chukua mbili, izidishe kwa mbili, endelea mpaka zitimie mbili 64. Jibu ndilo hilo. Ni idadi ya namba zote zinazoweza kuandikwa kwa biti 64, yaani tarakimu 64 za sifuri na moja, na kila namba ni mbegu. Ukifika mahali, kompyuta inachukua mbegu ya mahali hapo, inaipitisha kwenye kanuni, na kanuni inaotesha milima, rangi ya anga, nyasi, wanyama wenye shingo za ajabu. Ukiondoka, vyote vinayeyuka kwenye kumbukumbu. Ukirudi, mbegu ni ileile, kwa hiyo sayari ni ileile.

Ujanja huu si wa jana. Mwaka 1984 vijana wawili, David Braben na Ian Bell, walitoa Elite kwenye BBC Micro, kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja ya simu yako leo haiwezi kuingia humo. Wao walitia galaksi 8, kila moja na sayari 256. Na walikuwa wamejizuia! Kanuni yao ingeweza kuzaa galaksi trilioni 282. Wachapishaji wao, Acornsoft, ndio waliokataa, kwa hofu kwamba idadi ya namna hiyo ingemfunulia mchezaji kuwa kila kitu ni hesabu tupu. Miaka zaidi ya arobaini imepita na bado naona lile ndilo shauri la busara kuliko yote yaliyowahi kutolewa kwenye gemu za anga.

Kwa hiyo trela ikikutajia idadi ya sayari, elewa kwamba inakuhesabia anwani. Kama kuna mtu nyumbani, hilo utalijua ukibisha hodi.

Twende Starfield. Kampuni ya Bethesda, Septemba 2023, sayari zaidi ya 1,000. Sitaisema vibaya yote, maana ina mambo mazuri kweli. Ufundi wa kuunda chombo chako mwenyewe, kipande kwa kipande, ni mtamu. Nimekesha humo bila kufyatua risasi hata moja. Na kuna misheni moja inaitwa Entangled, ndani ya maabara, ambapo unarukaruka kati ya hali mbili za mahali pamoja. Upande huu ajali imetokea, upande ule haikutokea. Ukimaliza, unatulia kwenye kiti na pedi mapajani, unawaza. Mtu fulani alikaa akaifikiria maabara ile chumba kwa chumba.

Sasa ondoka hapo, nenda ukatue kwenye sayari yoyote isiyo na mji. Utakuta maabara nyingine, ya ubaridi, imeachwa. Unaingia, kuna majambazi, kuna maiti pale, kuna ujumbe ulioachwa pale. Safi. Ruka mifumo kumi ya nyota, tua tena. Maabara ileile. Maiti yuleyule, amelala vilevile, ujumbe uleule. Kuta zinafanana, hilo ningelisamehe. Kiwanda kimoja kinaweza kujenga majengo mia. Lakini marehemu mmoja hafi kwenye sayari sita. Wahenga walisema ukubwa ni jaa, wakimaanisha kwamba mkubwa ndiye anayebebeshwa uchafu wa kila mtu. Sikujua kama walikuwa wanaitazama Starfield.

Watu wa Bethesda walipoambiwa kwamba sayari zao nyingi ni tupu, walijitetea kwa mfano wa mwezini: wanaanga walipofika kule hawakukuta kitu, na hawakuchoshwa. Hoja hii niliicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nikaona kwamba ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo unawashtaki wao wenyewe.

Fikirini. Apollo 11 iliruka Julai 16, 1969 na ikatua Julai 20. Siku nne watu watatu wamebanwa kwenye kijichumba. Wakati wa kutua, Armstrong anaona mahali palipopangwa pamejaa mawe makubwa, anashika usukani mwenyewe, anatafuta penye tambarare huku mafuta ya kushukia yanakwisha. Ndipo anakanyaga vumbi. Vumbi lile lilikuwa na uzito kwa sababu ya kila kilicholitangulia. Lakini kwenye Starfield ilivyotoka, unafungua ramani, unabonyeza sayari, skrini inakuwa nyeusi, umefika. Hukutumia mafuta ya maana, hukupotea, hukuogopa. Halafu unaonyeshwa vumbi na kuambiwa ustaajabu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaopiga kelele kwamba anga tupu ni uvivu wa watengenezaji. Utupu haunisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni utupu usionigharimu kitu.

Turudi kwenye dirisha letu... eh, bado tupo. Nyota moja imesogea kidogo.

Elite Dangerous ilitoka Desemba 2014, na ni yuleyule Braben, sasa akiwa na kampuni yake, Frontier Developments. Safari hii hakukuwa na wa kumzuia. Mifumo ya nyota bilioni 400, galaksi yetu nzima ya Njia Nyeupe kwa kipimo chake halisi. Ukitaka vitu vya kufanya, vitu vilivyoandikwa na mwandishi, vyenye watu wenye majina na machozi, utaiona kavu kama mfupa. Vituo vinafanana. Misheni zinafanana: peleka mzigo, ua fulani, rudi. Wengi wanaiacha wiki ya kwanza na siwalaumu.

Lakini umbali ndani yake una meno. Kila mruko unakula mafuta. Ukiishiwa, unayachota kwenye nyota yenyewe kwa kuipitia karibu, na si kila nyota inakubali. Zile za aina O, B, A, F, G, K na M, sawa. Nyota ya nyutroni, kibete cheupe, kibete cha kahawia, hupati hata tone. Na aina hizi hawakuzibuni. Ndizo wanaastronomia wanazotumia. Kwa hiyo mtu ambaye jana hakujua kitu kuhusu nyota, leo anasoma herufi kwenye ramani kabla ya kila mruko, kwa sababu akikosea atabaki anaelea gizani. Kutoka kwenye Jua letu hadi Sagittarius A*, shimo jeusi lililo katikati ya galaksi, ni miaka ya nuru kama 26,000. Ukienda, unakusanya taarifa za mifumo unayopitia, na hulipwi mpaka urudi kituoni uziuze. Chombo kikilipuka kabla hujauza, wiki tatu zako zimekwenda na maji. Ile kutua kwa mwisho, mita mia mbili kutoka kwenye jukwaa la kutulia la kituo, mikono inatetemeka kuliko kwenye vita yoyote niliyowahi kupigana kwenye gemu.

Na kwa kuwa kupotea ni kweli, kuokolewa nako kukawa kweli. Wachezaji waliunda kikundi, Fuel Rats, panya wa mafuta, tangu 2015. Ukikwama bila mafuta unawaita, mmoja wao anasafiri mpaka ulipo, anakujazia, hakudai hata senti. Hakuna mwandishi wa gemu aliyewaandika hao. Waliota penye upungufu.

Sasa wenzetu wa No Man's Sky, tusiwasahau. Siku ya kwanza, Agosti 2016, wachezaji wawili walipanga wakutane mahali pamoja ndani ya zile kwintilioni 18. Wakafika, wakasimama palepale, kila mtu peke yake; hawakuonana, maana gemu haikuwa na uwezo huo. Hasira iliyofuata mnaikumbuka. Hello Games walinyamaza, wakashika jembe. Novemba mwaka huohuo wakaleta ujenzi wa makao. Julai 2018, sasisho la NEXT, watu wakaanza kuonana na kucheza pamoja kweli. Wameendelea hivyo mwaka hadi mwaka, na masasisho yote ni bure.

Ila tazameni wachezaji walifanya nini na ukubwa ule. Kundi kubwa lilijikusanya kwenye kieneo kimoja cha galaksi, wakakiita Galactic Hub, wakajenga jirani kwa jirani, wakapeana majina ya nyota, wakaweka kumbukumbu za wanyama na mimea. Umempa mtu kwintilioni 18, naye anatafuta jirani! Sayari ninayoikumbuka mimi mpaka leo ni moja, ina mvua ya sumu na haina uzuri wowote. Naikumbuka kwa sababu nilijenga juu yake na nikawa narudi.

EVE Online nitaipitia haraka, maana inataka video yake. Mifumo zaidi ya 7,000, tangu 2003. Januari 2014, kwenye mfumo unaoitwa B-R5RB, muungano mmoja ulikosa kulipa ada ya kumiliki eneo lake, na kosa hilo likawasha vita ya karibu siku nzima iliyohusisha maelfu ya wachezaji. Watengenezaji waliacha mabaki ya meli palepale kama mnara. Ukienda leo, utayaona.

Halafu kuna Outer Wilds, ya 2019, kutoka Mobius Digital. Ilianza kama kazi ya uzamili ya Alex Beachum chuoni. Sayari zake unazihesabu kwa vidole, na ni ndogo kiasi kwamba unaizunguka moja kwa miguu ukarudi ulipoanzia kabla chai haijapoa. Wasiocheza wazibe masikio sekunde thelathini, ingawa nitataja la juujuu tu. Jua linalipuka kila baada ya dakika 22, unaanza upya. Kuna sayari mbili pacha, na mchanga unamwagika kutoka moja kwenda nyingine. Dakika ya tatu, mapango ya pacha huyu yako wazi na majengo ya yule yamefukiwa. Dakika ya kumi na tano, kinyume chake. Mahali pamoja pana milango tofauti kulingana na saa unayofika. Hakuna silaha ya kununua, hakuna ngazi ya kupanda. Kinachokufungulia njia ni kile ulichokielewa. Niliwahi kusoma maandishi ukutani kwenye sayari moja, na mara moja nikajua ni kosa gani nilikuwa nafanya kwenye sayari nyingine kwa siku tatu. Nikapiga kelele, jirani akagonga ukuta.

Hicho ndicho kipimo changu, na ndicho nitakachotumia kwenye video zote zijazo za gemu za anga: je, kuna sababu ya kurudi ulikokwishafika? Sayari chache za Outer Wilds nimezirudia mara hamsini hamsini. Ile maabara ya ubaridi nayo nimeirudia, ila sikuwa nimepanga.

Kwa anayetaka kununua basi. Huna muda, unataka gemu moja ikukae kichwani: Outer Wilds, na usiangalie chochote mtandaoni kabla ya kuimaliza. Una marafiki na unapenda kujenga: No Man's Sky, imeiva sasa. Starfield inunue kwa ajili ya misheni zake na karakana ya vyombo, zile sayari elfu uzichukulie kama mapazia. Elite Dangerous ni ya watu wenye subira ya mvuvi, na wengine ikiwashinda haimaanishi wana kasoro.

Ah, mnauliza Hutton Orbital kuna nini. Kituo kiko mwaka wa nuru 0.22 kutoka kwenye nyota unapotokea, kwa sababu Alpha Centauri halisi na jirani yake Proxima zimeachana karibu hivyo, na gemu imenakili anga ilivyo. Chombo kinafika kasi ya mara 2,001 ya mwanga na bado ni mbali. Siku hizi kuna injini mpya za kufupisha njia, nimekataa kuifunga. Wakongwe huwadanganya wageni kwamba ukifika unapewa chombo cha Anaconda bure. Hakuna Anaconda. Wanauza vikombe.

Mimi naenda kuchukua kikombe. Hapo inasema zimebaki dakika 61... subirini, hii taa ya mafuta iliwaka saa ngapi?